India: Mgawo wa matabaka unapofika kwenye kupandishwa vyeo

Mtunza Tange (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mchangiaji aliandika kwenye uzi wa ajira kwamba India "wanagawa vyeo kwa ukoo", watu wakaunga mkono, mjadala ukaishia hapo. Mimi ni afisa utumishi, na shahada ya pili nilisomea Bengaluru. Jambo hili nimelifuatilia tangu nikiwa kule kwa sababu ndiyo kazi yangu: tange (orodha ya watumishi kwa kufuata ukubwa wao kazini), ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa), barua za kupanda daraja. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Msingi kwanza. Katiba ya India ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Ibara ya 17 ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa sababu eti hagusiki. Ibara ya 16(4) ikairuhusu serikali kutenga nafasi za kazi kwa watu wa matabaka yaliyoachwa nyuma ambao, kwa maoni ya serikali, hawajawakilishwa vya kutosha katika utumishi. Leo kwenye ajira za serikali kuu mgawo ni asilimia 15 kwa matabaka yaliyoorodheshwa (hao ndio Wadalit, waliotengwa kwa kuitwa wasiogusika), asilimia 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa, asilimia 27 kwa matabaka mengine yaliyo nyuma kijamii, na tangu 2019 asilimia 10 kwa watu wenye hali duni kiuchumi walio nje ya makundi hayo.

Hayo yote ni ya kuingia kazini. Ugomvi ninaouleta hapa unaanza baada ya mtu kuthibitishwa kazini.

Anayeuliza kwa nini kuingia tu hakutoshi amtazame Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba hiyo. Mwaka 1917 alirudi kutoka masomoni Columbia na London akaenda kumtumikia mtawala wa Baroda aliyemsomesha. Cheo alipewa. Nyumba ya kupanga aliikosa kwa sababu ya tabaka lake, akajihifadhi kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, bila kujitambulisha, mpaka kundi la watu wenye fimbo likaja kumtoa. Ofisini matarishi walimtupia mafaili kwa mbali wasije wakamgusa. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuamini kwamba barua ya ajira peke yake inamaliza kazi.

Sasa kesi zenyewe. Mwaka 1961, katika shauri la Rangachari lililohusu reli ya kusini, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba Ibara ya 16(4) inahusu pia kupandishwa vyeo. Kwa miaka thelathini hivi mambo yakaenda kwa msingi huo. Ndipo serikali ya waziri mkuu V.P. Singh, mwaka 1990, ilipotangaza kutekeleza ripoti ya Tume ya Mandal na kuyapa mgawo matabaka mengine yaliyo nyuma. Nchi ikawaka moto. Shauri la Indra Sawhney likafika mbele ya majaji tisa, hukumu ikatoka tarehe 16 Novemba 1992: mgawo kwa matabaka hayo ni halali, jumla ya mgawo isivuke asilimia 50, wale wa matabaka hayo waliokwisha kuneemeka, wanaoitwa tabaka la malai, waondolewe, na mgawo uishie kwenye kuajiriwa, usiingie kwenye kupandishwa vyeo. Waliokuwa wakiutumia tayari walipewa miaka mitano.

Bunge halikusubiri miaka hiyo iishe. Mwaka 1995 lilipitisha Marekebisho ya 77 na kuzaa Ibara ya 16(4A), inayoruhusu mgawo katika kupandishwa vyeo kwa matabaka na makabila yaliyoorodheshwa tu. Hawa wa Mandal hawamo.

Hapa naomba tutulie, maana ndipo wengi wanapopotea. Chukueni maafisa wawili walioajiriwa siku moja. Wa kwanza, wa kundi la jumla, yaani wasio na mgawo, ni namba 3 kwenye tange. Wa pili, Mdalit, ni namba 20. Asilimia 15 maana yake ni takriban nafasi moja katika kila saba, kwa hiyo ikitokea nafasi inayofunguka kwanza ndiyo hiyo ya saba kwenye daftari la nafasi, huyu namba 20 anapanda kabla ya waliomtangulia, yule namba 3 akiwamo. Baada ya miaka minne yule namba 3 naye anapanda. Kwenye tange ya daraja jipya, nani mkubwa? Katika shauri la Virpal Singh Chauhan la 1995 na yale ya Ajit Singh yaliyofuata, mahakama ilisema namba 3 anarudi juu ya mwenzake, kama vile mwenzake hakuwahi kumtangulia. Bunge likajibu mwaka 2001 kwa Marekebisho ya 85: aliyepanda kwanza kwa mgawo anabaki na ukubwa wake, na ihesabiwe tangu Juni 1995.

Mtu wa nje ataona huu ni ubishi wa makarani. Kwenye utumishi wa umma huo ndio uhai. Ukubwa kwenye tange ndio unaoamua nani atafikiriwa kwa daraja linalofuata na lile la baada yake. Mgawo bila ukubwa unampandisha mtu hatua moja kisha unamwacha pale pale mpaka anastaafu. Mimi naamini Bunge lilikuwa sahihi. Naamini vilevile kwamba yule namba 3 ana uchungu wa kweli ambao hausemwi vya kutosha.

Yakaja ya M. Nagaraj, 19 Oktoba 2006. Majaji watano walikubali marekebisho yote, lakini kwa masharti: serikali inayotaka kutoa mgawo kwenye vyeo ilete takwimu kuonyesha kwamba kundi liko nyuma, kwamba halijawakilishwa vya kutosha, na kwamba ufanisi wa kazi hautaathirika. Sharti la takwimu za uwakilishi ni la haki kabisa. Ninachokilalamikia ni kilichofuata. Takwimu hizo zimo ndani ya makabati ya serikali yenyewe. Mtumishi wa kawaida hana njia ya kuzikusanya. Serikali nyingi za majimbo hazikuzikusanya, na kesi zilipoanguka aliyeshushwa cheo ni mtumishi, wala si waziri aliyezembea.

Ndivyo ilivyokuwa jimbo la Uttar Pradesh. Serikali ya jimbo chini ya Mayawati iliweka mgawo na ukubwa wa tange mwaka 2007. Tarehe 27 Aprili 2012 Mahakama ya Juu ikaufuta kwa sababu hesabu ya Nagaraj haikufanywa. Miaka mitatu baadaye maafisa wengi wa Kidalit walikuwa wanarudishwa madaraja ya chini, wakiripoti kwa watu waliokuwa chini yao jana yake. Bunge kuu lilijaribu kuokoa jahazi: tarehe 17 Desemba 2012 Rajya Sabha, baraza la juu, ilipitisha muswada wa Marekebisho ya 117 kwa kura 206 dhidi ya 10. Ulipofika Lok Sabha, baraza la chini, mbunge wa chama cha Samajwadi alimnyang'anya waziri karatasi za muswada mkononi. Haukupita mpaka leo.

Nakaribisha michango. Naomba tujadili kazi na haki, tusitukanane kwa mataifa.

---

Kinyonga wa Dodoma

Mkuu, umeeleza vizuri lakini mimi sijashawishika.

Kuingia kwa mgawo naelewa. Mtoto wa mfagia choo amesomea shule mbovu, hawezi kushindana na mtoto wa jaji kwenye mtihani mmoja. Akishaingia, wote mko ofisi moja, mshahara mmoja, mafunzo yale yale. Miaka kumi baadaye unamwongezea tena nafasi kwa sababu ya babu yake? Hapo si kusaidia aliye nyuma, ni kumwadhibu aliyefanya kazi. Na mwananchi anayehudumiwa je? Mhandisi mkuu wa daraja namtaka awe bora, sitaki awe wa zamu.

---

Mtunza Tange

Ndugu Kinyonga, hoja yako ndiyo hoja kuu ya upande ule na inastahili jibu la kazi.

Umesema wakishaingia wote wako sawa. Swali la afisa utumishi ni hili: nani anaijaza fomu ya tathmini? Kwa miaka mingi India ilitumia taarifa ya siri ya mwaka. Mkubwa wako anaandika, anafunga, wewe huoni. Ulijulishwa pale tu alipokuandikia vibaya. Lakini ukiandikiwa "vizuri" wakati daraja la juu linataka "vizuri sana", umeshazuiwa kupanda na hujui. Mwaka 2008, katika shauri la Dev Dutt, mahakama ilisema mtumishi lazima aonyeshwe kila alama anayopewa. Yaani zaidi ya nusu karne baada ya uhuru, mtu wa tabaka la chini alikuwa anapimwa kwa siri na watu ambao wengi wao ni wa matabaka ya juu. Sisi wenyewe tulikuwa na taarifa za siri kabla ya OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji, kuja mwaka 2004, na waliokuwa kazini enzi hizo wanajua maumivu yake hata bila suala la tabaka.

Matokeo yake yalionekana. Katika mjadala wa 2012 takwimu iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba kati ya makatibu 149 wa serikali kuu, wale ambao kwetu tungewaita makatibu wakuu, hakuwamo hata mmoja wa matabaka yaliyoorodheshwa. Sensa ya 2011 ilionyesha watu hao ni asilimia 16.6 ya Wahindi wote. Wakati huo huo kazi za kufagia zimejaa wao. Ukijumlisha watumishi wote kwa pamoja, mgawo unaonekana umetimia. Ukitazama daraja kwa daraja, unaona walivyorundikwa chini.

Kuhusu ufanisi: Ashwini Deshpande na Thomas Weisskopf walichambua takwimu za reli za India za mwaka 1980 hadi 2002 na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Hawakukuta ushahidi wowote kwamba kuwa na watumishi wengi zaidi wa makundi haya kulipunguza tija. Kwenye madaraja ya juu baadhi ya matokeo yao yalionyesha kinyume chake. Reli ni mwajiri mkubwa mno, huo si ushahidi wa kupuuzwa.

Na huyu wa zamu unayemwogopa lazima awe na sifa za kuwepo kwenye daraja hilo. Hatolewi mtaani.

---

Shangazi Nyali

Nawasalimu kutoka Mombasa.

Kwetu Kenya tuna jambo linalofanana ingawa si la tabaka. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Halafu Katiba ya 2010, Ibara ya 232, inataja wazi nafasi sawa katika kuteuliwa, mafunzo na kupandishwa vyeo katika ngazi zote, kwa wanaume na wanawake, jamii zote na watu wenye ulemavu. Hayo maneno "ngazi zote" yameandikwa. Lakini kile kifungu cha thuluthi kinahesabu taasisi nzima. Waweza kuwa na taasisi inayofuata sheria kwenye karatasi, walinzi na madereva wa jamii kumi, na ghorofa ya juu jamii mbili. Kwa hiyo namuelewa sana Mtunza Tange anaposema daraja kwa daraja.

Swali langu ni lingine. Kuna ndugu zetu Wasiddi kule Gujarat na Karnataka, watu wenye asili ya Afrika waliovuka bahari kama watumwa, askari na mabaharia. Nao wamo kwenye orodha hizo? Huu mgawo wa vyeo unawafikia?

---

Mtunza Tange

Shangazi, shikamoo, na ahsante kwa swali.

Wamo. Wasiddi wa Uttara Kannada, Karnataka, waliingizwa kwenye makabila yaliyoorodheshwa mwaka 2003. Gujarat wamo kwa wilaya za Saurashtra. Lakini kufikiwa ni jambo jingine. Ili mgawo wa vyeo ukufae, kwanza uwe na watu kwenye daraja la kuanzia. Jamii ndogo za msituni zenye wahitimu wachache haziwezi kushindana na jamii kubwa za orodha hiyo hiyo ambazo zimesomesha vizazi viwili vitatu.

Huu ni udhaifu wa kweli wa mgawo na siutetei. Tarehe 1 Agosti 2024, katika shauri la Davinder Singh, majaji sita dhidi ya mmoja waliruhusu majimbo kuyagawa matabaka yaliyoorodheshwa katika makundi madogo ili walio chini kabisa wapate sehemu yao. Majaji wanne kati yao walitaka pia malai iondolewe humo. Viongozi wengi wa Kidalit walipinga wakisema ni kuwagawa. Mimi naona kugawa kwa kufuata takwimu ni sawa. Mtoto wa Msiddi na mtoto wa naibu katibu wa wizara hawako mahali pamoja, hata kama orodha ni moja.

---

Bin Seremala

Mimi nipo India mwaka wa tatu sasa, nasoma. Niongeze jambo ambalo wengi walio mbali hawalioni: umri.

Wanaoomba kazi kwa mgawo wa matabaka na makabila yaliyoorodheshwa wanaruhusiwa kuzidi umri kwa miaka mitano, na wengi wanaitumia nafasi hiyo kwa sababu walichelewa shule au walirudia mtihani. Kustaafu ni miaka 60 kwa wote. Kwa hiyo mtu anaingia na miaka 33 wakati mwenzake aliingia na 23. Hata wakipanda kwa mwendo mmoja, huyu wa kwanza anastaafu kabla ya kufika ukatibu. Na kwenye serikali kuu mgawo wa vyeo unaishia ngazi ya chini ya Kundi A, kundi la maafisa wa juu. Juu ya hapo hakuna mgawo, ni kuchaguliwa. Ndiyo maana ile ghorofa ya makatibu ilikuwa tupu bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Jingine: hapa chuoni kwetu vijana wa kundi la jumla wanalalamika sana, na si wote ni watoto wa matajiri. Mmoja baba yake ni mwalimu wa shule ya msingi, ameshindwa mtihani wa utumishi kwa alama chache. Ukimwambia historia ya miaka elfu mbili haimsaidii kitu. Tuliomo humu tusimwone adui.

---

Kinyonga wa Dodoma

Bin Seremala umesema la maana. Huyo mtoto wa mwalimu ndiye niliyekuwa namsemea.

Sasa niulize, Mtunza Tange: sheria imesimama wapi hivi leo? Maana umetaja kesi mpaka nimechanganyikiwa. Mtumishi wa Kidalit aliyeko kazini leo, ana haki ya kupanda kwa mgawo au hana?

---

Mtunza Tange

Kwa ufupi: hana haki ya kuidai. Tarehe 7 Februari 2020, katika shauri la Mukesh Kumar lililotoka Uttarakhand, mahakama ilisema mgawo kwenye vyeo si haki ya msingi ya mtu, na jimbo halilazimishwi kuutoa. Jimbo likiamua kutoutoa, halihitaji hata takwimu kujitetea. Likiamua kuutoa, linazihitaji. Mizani hiyo imelalia upande mmoja. Ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika historia hii. Mwezi uliofuata watumishi wa kundi la jumla wa jimbo hilo waligoma wakitaka vyeo vifunguliwe bila mgawo, na serikali ikakubali.

Sharti la kuthibitisha kwamba Wadalit wako nyuma liliondolewa mwaka 2018 katika shauri la Jarnail Singh, na ni vizuri, maana kumtaka mtu aliyeandikwa kwenye orodha kwa sababu ya kutengwa athibitishe tena kwamba alitengwa ni dhuluma. Shauri hilo hilo likasema malai inaweza kuondolewa hata kwao. Januari 2022 mahakama ikafafanua kwamba takwimu za uwakilishi zihesabiwe kwa kila kada, si kwa utumishi mzima.

Na inawezekana kufanya kazi hiyo. Karnataka ilipoteza mwaka 2017 katika shauri la kwanza la Pavitra, sheria yake ya 2002 ikafutwa na tange zikaanza kuandikwa upya. Badala ya kulia, serikali ilimpa kazi katibu mkuu wa ziada wa jimbo, Ratna Prabha, akakusanya takwimu idara kwa idara. Sheria mpya ikatungwa mwaka 2018, ikapingwa tena, na tarehe 10 Mei 2019 mahakama ikaikubali. Hukumu hiyo ilisema utumishi wenye ufanisi ni pamoja na ule unaofanana na watu unaowatumikia. Jimbo lile lile, watumishi wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu aliketi akahesabu.

Kwa hiyo nikiulizwa ningefanya nini, ningeanza hapo. Kila serikali, ya jimbo na ya kuu, ichapishe kila mwaka idadi ya watumishi kwa kila kada, kwa kila daraja, kwa kila kundi. Isingoje kushitakiwa. Palipo na pengo, mgawo uwepo pamoja na ukubwa wa tange. Pengo likiziba kwenye kada hiyo, mgawo usimame. Na wale ambao wazazi wao tayari ni maafisa wa juu waachie wengine.

---

Kinyonga wa Dodoma

Kuchapisha takwimu za kila kada, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja, na ningependa hata kwetu tuzione za wanawake na wenye ulemavu daraja kwa daraja. Kusimamisha mgawo pengo likiziba, nakubali pia. Kwenye ukubwa wa tange bado nakataa. Apande kwa mgawo, sawa, lakini aliyemtangulia kwenye tange arudishiwe namba yake.

---

Mtunza Tange

Hapo tutabaki tunabishana, ndugu yangu, na Bunge lao na mahakama yao walibishana juu ya jambo hilo hilo. Ila nijibu hili moja: ukimrudishia namba 3 nafasi yake, yule namba 20 atafikiriwa lini kwa daraja la tatu?

---

Shangazi Nyali

Mimi nangoja jibu la hilo swali.